Afya ya Samaki ni Ulinzi wa Taifa

Ziwa Tanganyika ni ghala la chakula la Warundi. Ndagala, mukeke na sangala huliwa na tajiri na maskini, mjini Bujumbura na huko milimani, na kwa jamaa nyingi zisizomudu bei ya nyama hicho ndicho kitoweo kinachojenga miili ya watoto wao. Kwa hiyo jambo lolote linaloweza kuwadhuru samaki si la wavuvi peke yao, bali ni la taifa zima.

Katika kiangazi cha mwaka 2009 wafugaji wa tilapia nchini Israel waliona samaki wao wakifa kwa wingi, macho yameharibika na ngozi ina vidonda. Wataalamu wa virusi, miongoni mwao Avi Eldar na Eran Bacharach, walifanya uchunguzi wa miaka kadhaa, na mwaka 2014 wakatangaza kwamba kisababishi ni kirusi ambacho sayansi haikuwa imekijua. Baadaye kilionekana Ecuador, Misri na Thailand. Mwaka 2018 watafiti, akiwamo Kizito Mugimba wa Uganda, walieleza kwamba wamekikuta katika samaki wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa Tanzania.

Habari hiyo inatuhusu. Tilapia wa aina hiyohiyo wanaishi katika Mto Rusizi na katika mabwawa ya wafugaji wetu. Maji ya Ziwa Victoria huelekea Nile, na maji ya Tanganyika hutoka kwa Mto Lukuga kwenda Kongo; hayakutani. Basi kirusi hicho kikivuka, yaelekea atakayekivusha ni binadamu, ndani ya ndoo ya vifaranga vya samaki vilivyonunuliwa bila cheti cha daktari wa mifugo. Samaki aweza kukibeba bila kuonyesha dalili yoyote, na akishaugua hakuna dawa ya kumponya.

Hata hivyo, tunapenda kuwatuliza wananchi. Mwezi Mei 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilipotoa onyo kuhusu ugonjwa huo, lilieleza kwamba haujulikani kumdhuru binadamu. Mwenye kueneza uvumi kwamba samaki wetu ni sumu anawavunjia riziki mama zetu wa sokoni bila sababu.

Virusi vinavyomdhuru mlaji ni vingine, na mara nyingi asili yake ni sisi wenyewe. Virusi vya homa ya manjano ya ini aina ya A, na vile vya kuharisha na kutapika, hutoka katika kinyesi cha mtu, vikaingia katika chakula kwa mikono michafu na maji machafu. Mwezi Machi 2023 nchi yetu ilitangaza mlipuko wa polio, na kirusi chake kilionekana pia katika maji taka yaliyopimwa. Ndagala aliyeanikwa juu ya mchanga unaokanyagwa na kila mtu hawezi kuwa salama sawa na yule aliyeanikwa juu ya chanja, kama FAO ilivyowafundisha wavuvi wetu. Wala jua peke yake halitoshi kuua virusi. Samaki apikwe hadi aive sawasawa, na mpishi anawe mikono kwa sabuni.

Lakini usafi wa mwananchi mmoja mmoja hautoshi bila mpango. Kwanza, vifaranga visivuke mpaka bila kupimwa. Pili, maabara zetu zipatiwe vifaa, na vijana wetu wapelekwe kusomea virusi vya samaki, ili jibu lipatikane kabla bwawa halijakauka. Tatu, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake yapo hapa Bujumbura na ambayo chimbuko lake ni mkataba wa nchi nne wa mwaka 2003, iwe mahali pa kupashana habari za vifo vya samaki mara vinapotokea.

Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote, mfugaji atakayeripoti vifo vya samaki wake asipokewe kwa faini na vitisho. Akiogopa kupoteza mali yake yote atawauza usiku, na ugonjwa utasafiri pamoja na mnunuzi. Apewe ushauri, na asaidiwe kuanza upya. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio hiki kitakuwa cha nchi nne.

Jeshini twajua kwamba mlinzi aliyemwona adui akanyamaza ana hatia sawa na yule aliyelala. Mvuvi, mfugaji, mchuuzi na daktari wote wamo katika zamu hii. Atakayeona samaki wanakufa bila sababu inayojulikana, na aseme siku hiyohiyo.