Breki ya mkono nayo iwashe taa

Jioni, Barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam, bodaboda iko mbele ya lori. Abiria anamgusa dereva begani: shusha hapa. Dereva anabana breki ya mkono, mwendo unapungua, lakini taa ya nyuma inabaki na wekundu uleule hafifu. Aliyeko kwenye lori hana habari yoyote mpaka aone mgongo wa abiria umemjia.

Kwenye pikipiki kuukuu, kosa hilo mara nyingi si la globu. Kilichokufa ni swichi ndogo iliyojificha chini ya mkono wa breki.

Pikipiki nyingi zina swichi mbili za taa ya breki: hiyo ya mkono, na nyingine jirani na pedeli, inayovutwa na springi. Kila moja inaweza kuwasha taa peke yake, na ndiyo sababu ya mkono ikifa huchukua miezi bila kujulikana. Trafiki anasema, "Kanyaga breki." Taa inawaka. Dereva anaruhusiwa kwenda, na ubovu anaondoka nao.

Uingereza wameliandika jambo hili kwenye masharti ya ukaguzi: pikipiki iliyoanza kutumika kabla ya Aprili 1, 1986 inaruhusiwa kuwasha taa kwa breki moja tu, lakini za baada ya hapo ni lazima breki zote mbili ziwashe. Ni sharti la haki. Pikipiki inapofunga breki, uzito huegemea gurudumu la mbele, na breki ya mbele, ile ya mkono, ndiyo hufanya kazi kubwa. Tena kwenye foleni au mlimani, dereva aliyeteremsha mguu wa kulia kukanyaga lami hana breki nyingine isipokuwa ya mkono. Na kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari la nyuma hula karibu mita 14 kila sekunde. Anayechelewa kujua kwa sekunde moja ameshazimaliza.

Chanzo chenyewe ni cha kawaida: mvua, vumbi, maji ya kasi ya pale zinapooshwa pikipiki. Shaba ya ndani huota kutu ya kijani, au pini inayosukumwa na mkono wa breki hunasa. Wakati mwingine swichi ni nzima, ila waya umekatika ndani ya mpira wake, hasa shingoni, unapokunjwa kila usukani ukigeuzwa.

Kutofautisha si kazi kubwa. Kama pedeli inawasha taa, globu haina kosa. Fundi achomoe nyaya mbili za swichi ya mkono, aziunganishe kwa kipande cha waya huku funguo imewashwa. Taa ikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Ikikataa, afuate waya. Swichi iliyonasa huenda ikapona kwa kusafishwa. Iliyolika ibadilishwe.

Kisichokubalika ni fundi kuziacha nyaya zile zimeungana moja kwa moja na kumrudishia mteja chombo. Taa hiyo itawaka kutwa nzima. Kwa globu ya wati 21 kwa 5 ni mzigo kwa betri iliyochoka, lakini ubaya mkubwa ni kwamba aliye nyuma hataweza tena kujua breki imefungwa lini. Huo si ufundi, ni hatari aliyouziwa mteja.

Trafiki aombe mkono kwanza, kisha mguu, kila kimoja peke yake. Mmiliki anayepokea hesabu kila jioni naye anunue swichi hiyo bila kumsukumia dereva. Bei yake haifikii ya tairi. Na dereva asiye na wa kumtazamia airudishe pikipiki karibu na ukuta giza likianza kuingia, mguu uwe mbali na pedeli, abane mkono tu. Wekundu ukutani usipoongezeka, asipakie abiria kabla hajapita kwa fundi.