Faili kubwa likikataa kupangwa, usikubali kufomati

Na Salma Mbwana

Wiki hii nazungumza na wenye studio za video za harusi, na wahasibu wanaotumia kompyuta za mezani za mtumba, na yeyote aliyeacha programu ya kupanga diski ikifanya kazi usiku kucha, kisha asubuhi akakuta faili lile lile bado jekundu kwenye ramani. Wengi hubeba mashine kwa fundi, na jibu linalowangoja ni moja: tufomati. Napinga ushauri huo kwa nguvu zangu zote. Mara nyingi faili hilo halina ubaya wowote. Na pale ambapo tatizo lipo kweli, kufomati bila kuhifadhi nakala ni kuizika kazi ya watu.

Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka, nyingi zikiwa za mizunguko 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachohamahama juu yake. Windows huigawa nafasi katika vijisehemu, kwa kawaida vya kilobaiti 4, na faili lisipopata nafasi iliyoshikana huandikwa vipande vipande. Kichwa kikiruka kutoka kipande hadi kipande, hupotea milisekunde kumi na kitu hivi. Vipande vikiwa vidogo na vingi, mashine inakuwa nzito na mwenyewe unaiona.

Kwa faili kubwa hesabu ni nyingine kabisa. Chukua video ya gigabaiti 40 iliyokatika vipande vya megabaiti 64. Hivyo ni vipande 640, na hata ukitoza kila kipande milisekunde 13, unapoteza sekunde zisizofika tisa. Kulisoma faili lote kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde kunachukua karibu dakika saba. Nani atazihisi sekunde hizo? Ndiyo maana tangu Windows Vista ya mwaka 2007, programu ya kupanga diski ya Windows yenyewe huviacha kwa makusudi bila kuviunganisha vipande vya kuanzia megabaiti 64. Programu nyingine huhesabu kila mkato, ndipo nyekundu inapojaa kwenye skrini. Moja itakwambia diski ni safi, ya pili itasema imesambaratika, na zote mbili hazijadanganya.

Ikiwa vipande ni vidogo na bado faili haliunganiki, tazama kwanza nafasi iliyobaki. Nadhani hapa ndipo usiku wa watu wengi unapoteketea bure. Ili faili la gigabaiti 40 likae pamoja, panatakiwa gigabaiti 40 tupu zilizoshikana, na diski inaweza kuwa na gigabaiti 60 tupu huku zote zikiwa mapengo. Familia ya watu kumi haikai pamoja ndani ya basi kwa sababu tu viti kumi vitupu vimetapakaa mbele na nyuma. Ikiwa nafasi tupu haifiki asilimia 15 ya diski, punguza mzigo kabla ya kubonyeza chochote. Mimi hupendelea njia ya mkono: nakili mafaili makubwa kwenye diski ya nje, yafungue uhakikishe yanacheza mpaka mwisho, yafute kule yalikotoka, panga diski, kisha yarudishe. Diski hiyo ya nje iwe ya NTFS au exFAT, kwa maana FAT32 haipokei faili la kufikia gigabaiti 4, na flashi nyingi bado huja na FAT32.

Yapo pia mafaili ambayo mfumo umeyashikilia. Pagefile.sys haisogei Windows ikiwa imewaka. Hiberfil.sys unaweza kuiondoa kwa amri ya powercfg /h off, ikiwa huitumii hali ya kulaza kompyuta iitwayo hibernate. Nakala za kurejesha mfumo hukaa ndani ya folda ya System Volume Information, nazo hazipangiki kirahisi. Faili lililobanwa kwa mfumo wa NTFS nalo hukatika upya kila linapoandikwa, kwa hiyo video na hifadhidata zisibanwe hivyo.

Linaloniogopesha ni jingine. Faili likikwama pale pale kila mara, na diski ikigonga-gonga au kunakili kukisita, pengine sekta zimeanza kufa. Hapo simamisha kupanga mara moja. Kuhamisha data saa nzima kwenye diski inayokata roho ni kuiongezea mateso. Okoa kwanza kilicho muhimu, ndipo umruhusu mtu aendeshe chkdsk au asome SMART, yaani taarifa za afya ya diski.

Na kama mashine yako ina SSD, acha kabisa habari za kuunganisha vipande. Humo hamna kichwa kinachoruka, na kuandika kusiko na sababu kunaila tu. Tangu Windows 8, dirisha la Optimize Drives linaonyesha aina ya diski yako, na kwa SSD mfumo hutuma amri ya TRIM badala ya kuunganisha vipande.

Kwa hiyo fundi akitaja kufomati, muulize mambo matatu kabla hujampa mashine: hii ni diski ya aina gani, nafasi tupu ni kiasi gani, na afya yake inasomekaje. Akishindwa kujibu, chukua kompyuta yako uondoke.