Nguvu ya Mkono Haibandikwi

Katika Shule ya Wasioona ya Buigiri, wilayani Chamwino, mkono hufanya kazi ya jicho na ya kalamu. Mwanafunzi anayeandika nukta nundu kwa kibao hutoboa kila nukta kwa nguvu ya vidole vyake. Nje ya shule, wakulima hushika jembe tangu mvua za kwanza. Mikono ya namna hiyo inapouma au kulegea, inastahili tiba iliyothibitishwa, si iliyovuma tu.

Miongoni mwa tiba zilizovuma ni utepe nyumbufu, uliobuniwa na Mjapani Kenzo Kase katika miaka ya 1970 na kupata umaarufu katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Hudaiwa kwamba ukibandikwa juu ya msuli, huamsha hisi za ngozi, nazo huchochea msuli ukaze zaidi.

Dai hilo linapimika. Dainamomita hupima nguvu ya mshiko. Elektromiografia hunasa umeme wa msuli unaofanya kazi. Mwaka 2015, Csapo na Alegre walichambua tafiti 19 za watu wenye afya, wakaona kwamba utepe hauongezi nguvu ya misuli, au huiongeza kwa kiasi kisicho na maana. Mwaka huohuo, watafiti wa Hong Kong waliwabandika washiriki utepe pajani, wakiwaambia ni vihisio vya kupimia misuli. Hao hawakupata nguvu yoyote ya ziada. Yaelekea, basi, kwamba sehemu ya sifa za utepe hutokana na matarajio ya anayebandikwa.

Hata hivyo, utepe usitupwe. Kwa baadhi ya wagonjwa huweza kupunguza maumivu kwa muda mfupi, na ahueni hiyo ikawapa nafasi ya kuanza mazoezi. Mazoezi ndiyo yajengayo nguvu. Utepe ni msaidizi wake.

Ipo pia hatari ya kuchelewa. Mkono unaodhoofika huku ukiingia ganzi huenda una neva iliyobanwa, au iliyoshambuliwa na ukoma, ugonjwa unaotibika ukiwahiwa. Kuufunga utepe bila kuuchunguza ni kuficha dalili.

Kwa hiyo mtaalamu wa utengemao apime mshiko kabla ya kubandika na baada yake, na namba zisipobadilika, aubandue. Kwa msomaji wa nukta nundu, ncha za vidole zisifunikwe kamwe: kuzifunika ni kumfumba macho mara ya pili.