Taa za Kenya Hazifuati Mafunzo ya Marekani

Wasee, wacha niseme kitu hata kama itauma wengine. Wengi wenu mnaolia ati simu zenu ni mbaya, simu haina shida. Shida ni kwamba umekopi setingi za jamaa anayeishi Los Angeles, halafu unashutia Githurai.

Nasema hivyo kwa sababu mimi ndiye nilichomeka wa kwanza. Kuna kinyozi mtaani aliniitia kazi ya tangazo. Elfu sita. Nikaenda na simu na kitripodi, nikaweka fremu 30 kwa sekunde na shata ya 1/60, vile kila vidio ya mafunzo husema: shata iwe mara mbili ya fremu. Kwa kioo cha simu kila kitu kilikaa fiti. Kufika nyumbani na kufungua kwa laptopu, maze! Mistari myeusi inapanda ukutani, na kichwa cha mteja kinang'aa na kufifia kama taa za disko. Mwenye kinyozi akaangalia, akaniuliza kwa upole, "Kijana, kwani stima ilikuwa inapotea?" Haikuwa imepotea. Nilirudi kushuti tena, bure, na nauli yangu.

Sasa skia vile ilikuwa. Stima ya Kenya hutikisika mara 50 kwa sekunde, yaani Hz 50. Taa nyingi za tubu na LED za bei ya chini humeta mara mbili kwa kila mtikisiko, kwa hivyo mara 100 kwa sekunde. Jicho lako halioni hiyo. Kamera inaona. Marekani stima yao ni Hz 60, so taa zao humeta mara 120.

Piga hesabu. Kule, 120 ukigawa kwa fremu 30 unapata 4 kamili. Kila fremu inakuta taa ikiwa katika hali ileile, kwa hivyo vidio inatulia. Huku kwetu, 100 ukigawa kwa 30 unapata 3, na 10 inabaki. Hiyo 10 haiendi mahali. Inarudi kwa vidio yako kama kumetameta mara 10 kwa sekunde, na hiyo jicho linaiona vizuri sana. Cheki hapo: taa ya kinyozi haikuwahi kumeta mara 10. Huo ni uongo uliotengenezwa na kamera yangu kwa sababu ilikuwa inachungulia taa mara chache kuliko inavyofaa. Ni kama tu ile vidio ya nganya ambapo gari linaenda mbele lakini rimu zinazunguka kurudi nyuma.

Wahandisi wanaita hiyo kuchungulia kuchukua sampuli, na sheria yake ni ya kitambo. Harry Nyquist aliweka msingi wake 1928, Claude Shannon akaiandika vizuri 1949: ukitaka kunasa wimbi bila kudanganywa, chukua sampuli zaidi ya mara mbili ya mtikisiko wake wa kasi zaidi. Sikio la binadamu hufika kama Hz 20,000 hivi, ndio maana CD hutumia sampuli 44,100 kwa sekunde. Kunasa taa ya Hz 100 kihalali ungehitaji zaidi ya fremu 200 kwa sekunde. Nani anataka kubeba hiyo yote kwa tangazo la kinyozi?

Kuna njia rahisi. Weka shata 1/50. Hapo kila fremu inakusanya mwanga wa mimeto miwili kamili, si zaidi, si pungufu. Ukiweka 1/100 inakusanya mmoja kamili. Fremu zote zinapata kiasi sawa cha mwanga, na ule mpando na mshuko wa taa unajimaliza wenyewe. Na 1/60 yangu? Ilikuwa inakusanya mmeto mmoja na theluthi mbili. Fremu hii inapata shibe, ile nyingine inalala njaa.

Kwa lugha ya wahandisi, hiyo shata ni chujio. Na hapa ndipo sikubaliani na wale wa "tutarekebisha kwa editi." Chai huchujwa ikienda kwa kikombe. Ukishameza majani, umemeza. Ile 10 ya uongo ikishaingia kwa vidio, programu haina njia ya kujua kwa uhakika kama ni taa au ni kitu kilikuwa kinatikisika kweli mbele ya kamera. Itakisia. Saa zingine itakisia poa, saa zingine itakupakia ukungu kwa uso wa mteja. Chujio ni kabla ya sampuli.

Wazo moja kubwa nyuma ya haya yote lilisukumwa na mtoto wa fundi wa nguo. Joseph Fourier, Mfaransa, alibaki yatima akiwa mdogo. 1807 alipeleka kazi yake Paris akisema wimbi lolote, hata liwe na sura mbaya aje, unaweza kulijenga kwa kujumlisha mawimbi laini. Lagrange, mmoja wa wakubwa wa hesabu enzi hizo, alipinga. Fourier hakuachia. Kitabu chake kikatoka 1822. Ni kama kwaya: unasikia wimbo mmoja, lakini ukitulia unaweza kutenga besi na soprano. Leo ukifungua picha ya masafa kwa programu ya sauti, utaona ule mngurumo wa stima umesimama kama vijiti pale 50, 100, 150. Ukiujua kwa sura, unajua pa kukata.

Haya masomo nilikutana nayo chuoni kabla niache. Nilifeli. Si ati nilikuwa na akili ndogo, na sitadanganya ati lekcha ndiye alinifelisha, kwa sababu kuna asubuhi nyingi nililala tu. Lakini muhula mzima ubao ulijaa alama za intigro, na hakuna siku hata moja mtu alielekeza kamera kwa ile tubu iliyokuwa juu ya vichwa vyetu. Nilikuja kuelewa baada ya kupoteza siku nzima ya kazi. Kwa hivyo walimu, tafadhali, anzeni na balbu. Hesabu itafuata, na tutajua tunaihesabia nini.

Na nyinyi wenzangu wa kontenti, sisemi muache kutazama mafunzo ya majuu. Mimi bado hutazama. Lakini setingi ni jibu, na jibu bila swali lake ni hatari. Yule jamaa wa Los Angeles hakukosea. Alijibu swali la stima yake.

Usiku wa leo jaribu hii. Fungua kamera kwa modi ya pro, elekeza kwa tubu au LED ya bei rahisi, weka shata 1/1000. Utaona mistari. Halafu shusha mpaka 1/50 uone vile inayeyuka. Ukiwa na iPhone, washa PAL kwa setingi za vidio ndio fremu 25 zitokee. Kuna LED zingine humeta kwa kasi tofauti na zitakusumbua bado. Hizo zizime, usogeze mteja karibu na dirisha.

Jua halina Hz 50. Na halitumii tokeni.