Themostati Isiyotaka Kuongea na Mwenyewe

Leo nataka kuzungumzia themostati. Najua wapo watakaocheka: themostati ya nini Turkana? Hapa Lodwar joto la mchana hupita nyuzi 35 mara nyingi tu, na kwa wengi wetu kiyoyozi ni kivuli cha mti. Lakini baridi ipo. Imo ndani ya friji za dawa, na friji nyingi za dawa zinazouzwa sasa zina kisanduku kidogo chenye tarakimu nyekundu kinachoamua lini mashine iwake na lini izime. Hicho ndicho themostati. Siku hizi kisanduku hicho mara nyingi kina pia tundu la waya, kwa hiyo kompyuta inaweza kukiuliza maswali na kukipa amri. Msimamo wangu ni huu: anayenunua friji kama hiyo apewe orodha kamili ya amri zake, kwenye karatasi, siku ileile friji inapofika. Bila orodha hiyo kaunti haijanunua friji. Imeazima.

Nasema hivi nikifikiria kwetu Kaaleng, Turkana Kaskazini. Ukitoka Lodwar kwenda huko unavuka laga kadhaa, na mvua ikinyesha milimani laga ikajaa, gari linalala ng'ambo mpaka maji yapungue. Fundi wa friji haji leo wala kesho. Ndani ya friji ya zahanati kuna oksitosini, sindano anayopigwa mama akishajifungua ili asivuje damu kupita kiasi. Mwaka 2019 WHO, UNICEF na UNFPA walitoa tamko la pamoja kwamba itunzwe kati ya nyuzi 2 na 8. Ikikaa kwenye joto inapungua nguvu, na ukikishika kichupa mkononi ukakitazama huoni tofauti yoyote. Sista atapiga sindano akiamini amepiga dawa.

Upande wa pili kuna kuganda. Sisi watu wa nchi ya jua tunaogopa joto peke yake, lakini chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini aina ya B, ya nimonia, na ile ya magonjwa matano kwa pamoja, zote zinaharibika zikiganda. Themostati iliyotegwa vibaya inaweza kuua dawa kwa baridi katikati ya Turkana, nje jua likiwaka, na hakuna atakayeshuku.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Niliitwa na kituo kimoja cha afya, sitakitaja, chenye friji tatu za dawa na za maabara zilizokuja na themostati za kidijitali. Walitaka jambo dogo tu: joto likitoka kwenye mipaka, simu ya sista ipate ujumbe mfupi, usiku au mchana. Muuzaji alikuwa amewaambia kwamba hilo linawezekana kwa kulipia huduma yake ya kila mwezi, ambapo friji zinatuma habari kwenye kompyuta zake mbali huko, kisha wewe unazitazama kwa simu. Huduma ilifanya kazi miezi michache. Baadaye malipo yakachelewa, ikafungwa. Sista alinieleza vizuri kuliko ningeweza mimi: "Fundi, hii friji inaongea na watu wasioijua dawa. Mimi niko nayo chumba kimoja na hainiambii kitu."

Nilipofungua kisanduku nikakuta vitundu vya RS-485, nikafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi ya Kakuma. RS-485 ni kiwango cha mwaka 1983. Ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na habari inasomwa kwa tofauti ya volti kati ya waya mmoja na mwingine, ndiyo maana kelele za mota na jenereta haziisumbui sana. Inaweza kufika mita 1200 na kubeba vifaa 32 vya kawaida kwenye mstari mmoja. Juu yake vifaa vingi huongea itifaki ya Modbus, iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979, na ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia bila kulipa. Yaani teknolojia hii ina umri wa kuwa na wajukuu, na bado inapiga kazi.

Swali la Modbus linaonekana hivi:

01 03 00 00 00 01 84 0A

Baiti nane tu. Ya kwanza ni namba ya kifaa, maana kila themostati kwenye waya ina namba yake, kuanzia 1 hadi 247. Ya pili, 03, ni amri ya kusoma. Mbili zinazofuata ni rejista unayoanzia, mbili nyingine ni rejista ngapi unataka, na mbili za mwisho ni za kukagua kama habari imefika salama. Kwa mwendo wa 9600 swali zima linapita chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Jibu linarudi 01 03 02 00 37 na baiti zake mbili za ukaguzi. Hiyo 37 ni ya hesabu ya kumi na sita, kwa hesabu yetu ni 55.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Hamsini na tano ya nini? Inaweza kuwa nyuzi 5.5. Inaweza kuwa nyuzi 55 za Fahrenheit. Inaweza kuwa si joto kabisa, ni dakika tangu mlango ufunguliwe. Modbus inakuambia namna ya kuuliza, haikuambii maana ya jibu. Maana imo kwenye jedwali la rejista, na jedwali analo mtengenezaji. Nilimwandikia muuzaji barua pepe mbili. Jibu lilikuwa kwamba habari hiyo ni siri ya biashara, ila nikitaka wanaweza kufufua huduma ya mwezi.

Basi nikafanya kazi ya upelelezi. Kigeuzi cha USB kwenda RS-485, laptopu, kipimajoto cha kuaminika ndani ya glasi ya maji katikati ya friji, na subira. Nilisoma rejista 100 za mwanzo kila dakika kwa siku mbili, nikaziweka kando ya kipimajoto. Rejista moja ilipanda na kushuka pamoja nacho, na tarakimu yake iligawanyika kwa kumi vizuri kabisa. Nyingine ilikuwa 0 kompresa ikizima na 1 ikiwaka. Hiyo niliijua kwa sikio. Nyingine haikubadilika kamwe, ikakaa 50, nikajua hilo ndilo joto lililotegwa.

Kuhusu joto la chini ya sifuri, fundi programu yeyote anayesoma hapa aangalie sana. Rejista ina biti 16. Friji ikishuka hadi nyuzi 1.5 chini ya sifuri, themostati nyingi hutuma 65521, kwa sababu hesabu hasi zinaandikwa kwa kuzunguka kutoka juu. Programu isiyojua hilo itasoma nyuzi 6552.1. Bahati mbaya zaidi ni ile programu "yenye akili" inayotupa namba kubwa mno ikidhani ni kelele za waya. Hiyo itanyamaza kimya wakati uleule chanjo zinaganda. Jedwali lingekuwa na neno moja tu kando ya rejista hiyo, kwamba ina alama ya hasi, mambo yakaisha.

Kusoma ni jambo moja, kuandika ni jingine. Amri ya kuandika ni 06, na sikuitumia hata mara moja kwenye friji zile. Kuandika kwenye rejista usiyoijua ni kama kumpa mgonjwa kidonge kilichofutika jina. Tena hata ukiijua kuna mtego wake: vifaa vingi huhifadhi joto lililotegwa kwenye kumbukumbu ya kudumu ambayo inavumilia kuandikwa idadi fulani tu ya mara, kwa baadhi ya aina 100,000. Programu inayorudia amri ileile kila dakika "ili kuhakikisha" inamaliza hesabu hiyo kwa siku 69. Halafu watu watasema vifaa vya siku hizi havidumu. Jedwali zuri linakuambia rejista ipi ni ya kudumu na ipi ni ya muda.

Msidhani haya ni matatizo ya Turkana peke yake, ya watu wa mwisho wa barabara. Themostati maarufu ya Nest iliingia sokoni Marekani mwaka 2011, Google ikainunua kampuni hiyo mwaka 2014. Tarehe 25 Oktoba 2025 Google ilizima huduma kwa toleo la kwanza na la pili. Themostati hizo bado zinageuzwa kwa mkono ukutani, lakini simu ya mwenye nyumba haiziamuru tena. Kabla ya hapo, Mei 2016, kifaa kiitwacho Revolv kilichouzwa dola 299 kilizimiwa kompyuta zake na kampuni hiyohiyo ya Nest, kikabaki sanduku tupu. Waliokinunua hawakukosea chochote. Tofauti ni kwamba mtu wa Chicago atapanda gari akanunue kingine.

Nasi baridi ya kuletwa tunaijua. Kule Kalokol kando ya Ziwa Turkana, Norway ilifadhili kiwanda cha kugandisha samaki mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilifanya kazi siku chache tu, kwa sababu gharama ya kuendesha majokofu na maji safi kilichohitaji vilikuwa vikubwa kuliko uwezo wa mahali penyewe. Kile kilishindwa mchana kweupe, kila mtu akaona. Friji ya zahanati inashindwa usiku na asubuhi inaonekana nzima.

Wapo wanaonipinga, na hoja zao si za kupuuza. Ya kwanza inatoka kwa watu wa chanjo. Wanasema mtumiaji asipewe uwezo wa kugusa joto, na friji bora za chanjo zilizopitishwa na WHO zimeundwa hivyo makusudi: ulinzi wa daraja A dhidi ya kuganda maana yake friji isigandishe chanjo bila mtumiaji kuhitaji kufanya lolote. Nakubali kabisa. Kitufe kinachoweza kuharibu dawa kikiondolewa ni heri. Lakini kuzuia kuandika si kuzuia kusoma. Fungeni amri 06 kwa nywila na kufuli, lakini 03 iacheni wazi kwa mwenye friji.

Hoja ya pili ni usalama. Modbus haina nywila yenyewe. Aliyegusa waya ametawala. Kweli. Ndiyo maana mimi sitaki themostati iwe kwenye intaneti hata kidogo. Waya wa siriali unaishia kwenye kompyuta ndogo ndani ya chumba kilekile, kompyuta hiyo inasoma tu, na kinachotoka nje ni ujumbe mfupi wa simu. Mwizi wa mtandaoni hana mlango. Anayetaka kuchezea lazima aje mwenyewe, apite kwa sista, na sista wetu simshauri mtu amjaribu.

Ya tatu, ya wauzaji, ni kwamba jedwali ni siri ya biashara. Hii nimeishindwa kuielewa. Jedwali ni kurasa mbili zinazosema rejista ya ngapi ni joto na ya ngapi ni mlango. Haielezi kompresa inavyoundwa. Watengenezaji wengi wakubwa wa vidhibiti vya baridi huchapisha majedwali yao na mtu huyapata bure. Anayeficha anaficha bili ya mwezi.

Afya ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi wa 2013, na zabuni zinaandikwa hapahapa kwetu. Nimeshauri kifungu kimoja kiongezwe kwenye zabuni yoyote ya friji, kidhibiti cha sola au kiyoyozi: muuzaji akabidhi jedwali la rejista, mwendo wa mawasiliano, namba ya kila kifaa na nywila zote, zikiwa zimechapishwa, kabla ya kulipwa fungu la mwisho. Hilo la fungu la mwisho msilisahau, maana barua pepe zangu mbili hazikuwa na hela nyuma yake.

Kwa mafundi wenzangu, mambo machache ya waya kabla sijaondoka. Herufi A na B watengenezaji huzibadilishana, kwa hiyo kifaa kikinyamaza geuza nyaya kwanza kabla ya kulaumu programu. Pitisha waya kutoka kifaa hadi kifaa, usitawanye kama miguu ya buibui. Ukiwa mrefu, weka kipingamkondo cha ohmu 120 kila mwisho, miisho miwili tu. Na karatasi ya rejista ulizozigundua ibandike ndani ya mlango wa kisanduku kwa gundi isiyoyeyuka. Ile ya kawaida kwa joto letu inaachia baada ya wiki mbili.

Programu yangu haifiki mistari 200. Anayeihitaji aniandikie nitamtumia, ila aniambie kwanza themostati zake ni za aina gani, ziko ngapi, na waya wake una urefu gani.