Jeshi likishaonja kiti

Mwenzenu nilikuwa kimya, majaribio yalinibana na bumu nalo limechelewa kama kawaida yake. Leo nimeshindwa kunyamaza kwa sababu ya ubishi wa jana usiku pale kwenye vimbweta.

Jamaa mmoja tunayesoma naye, kichwa kweli darasani, alikuwa anasifia mapinduzi ya Mali, Burkina Faso na Niger. Eti wanasiasa wameshindwa, wanajeshi waje wanyooshe nchi kwanza, kura baadaye. Karibu wote wakamuunga mkono. Nikawauliza, na Burma je? Wakacheka. Hiyo ya wapi tena?

Kwetu Burma si jina geni. Babu mzaa babu yangu alikwenda huko na keya kupigana na Wajapani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944, matope na malaria juu, mpaka Kalewa. Nairobi kuna hata soko linaitwa Burma. Wazee walirudi wakijua vita ya kule imekwisha. Kumbe wapi! Nchi yenyewe, siku hizi Myanmar, ilipata uhuru tarehe 4 Januari 1948, na kabla mwaka haujaisha wakomunisti walishaingia msituni. Mwaka 1949 wakafuata Wakaren. Mpaka leo bunduki hazijanyamaza.

Tuseme kweli, vita haikuanzishwa na utawala wa kijeshi. Aung San alikubaliana na viongozi wa Washan, Wakachin na Wachin pale Panglong mwezi Februari 1947 kwamba watajiendeshea mambo yao. Julai akauawa. Serikali ya kiraia iliyofuata ikayumba. Hapo ndipo Jenerali Ne Win alipojitokeza, akapindua nchi tarehe 2 Machi 1962. Hoja yake ilikuwa ile ile ya rafiki yangu: bila jeshi nchi itasambaratika.

Sasa wanachuo wenzangu, sikilizeni hii. Julai ile ile ya 1962 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rangoon waliandamana kupinga sheria kali za mabweni. Mabweni tu jamani! Wakamiminiwa risasi. Kesho yake alfajiri jeshi likalipua kwa baruti jengo la umoja wa wanafunzi. Aung San mwenyewe, mwasisi wa jeshi hilo, aliwahi kuwa kiongozi wa umoja huo.

Na nchi ilinyooka? Jeshi likaja na mkakati wa kuwakatia waasi chakula, fedha, habari na vijana wa kujiunga nao. Kwa mwanakijiji maana yake ni kuhamishwa na kuchomewa nyumba. Kijana aliyechomewa nyumba atakwenda wapi kama si msituni?

Jamaa akanibana: mbona mwaka 2017 Warohingya zaidi ya laki 7 walikimbilia Bangladesh wakati kulikuwa na serikali ya kuchaguliwa? Swali zuri, na Aung San Suu Kyi aliitetea nchi yake mbele ya mahakama ya The Hague mwaka 2019. Simsafishi. Ila waliofukuza wale watu ni jeshi, na serikali hiyo haikuwa na amri juu yake. Katiba ya 2008 ililipa jeshi robo ya viti vya bunge na wizara za ulinzi, mambo ya ndani na mipaka. Ndiyo ile "kura baadaye". Walirudisha kiti, miguu wakaacha pale pale. Tarehe 1 Februari 2021 wakakikalia tena.

Februari 2024 wakatangaza kuitumia sheria ya kuwaingiza jeshini wanaume wa miaka 18 hadi 35 na wanawake wa miaka 18 hadi 27. Piga hesabu ya umri wako. Darasa letu lote limo.

Nasema hivi: mwanasiasa mbovu tunaweza kumzomea, kumwandika na kumnyima kura. Mwenye bunduki unamwondoaje? Wenzetu wanatafuta jibu tangu 1962, na wengine wamelitafuta kwa roho zao.

Haya, nipingeni kwa hoja. Nakimbia, nina kipindi saa moja asubuhi na desa lenyewe sijafungua.