Windows 10 imeachwa: nani analinda kitambulisho chako?

Ukimtumia mwenye steshenari wa Mazimbu picha ya kitambulisho cha NIDA kwa WhatsApp ili akuchapishie, faili inaweza kubaki kwenye kompyuta yake. Kila mfumo endeshi una nyufa. Baadhi humwezesha mtu kusoma taarifa asizoruhusiwa bila kuharibu chochote, hivyo mwenye kompyuta hashtuki. Dawa yake ni masasisho. Lakini tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Nawe usisubiri: karatasi ikishatoka, mwombe afute faili ukiwa hapohapo, na pipa la kompyuta alimwage pia.